Namba za Kituo cha Afya: Wamama, Tujifunze Kuzisoma

Ukiingia katika kituo cha afya hapa Bunia, ikiwa ni Mudzipela, Saio ao Bankoko, angalia ukuta wenye kuwa nyuma ya meza ya enfirmie titilere. Utaona karatasi kubwa zenye kubandikwa, na juu yake mistari yenye kupanda na kushuka, yenye kuchorwa na biki za rangi. Wengi wetu tunapita tu. Tuko na mutoto mugongoni, ako na homa, na kitu chenye tunatafuta kujua ni kama watu ni wengi kwenye banki ao hapana.

Lakini, wamama, zile karatasi zinatuzungumuzia sisi. Mustari mumoja ni wanawake wenye mimba wenye walikuja kupimwa. Mwingine ni watoto wenye walipata chanjo. Mwingine ni wamama wenye walizalia pale. Ni kama bulteni ya mutoto wa shule, lakini hapa mwenye kupewa pointi ni kituo, na somo lenyewe ni miili yetu na maisha ya watoto wetu.

Mimi ni mwalimu, na kazi ya kutoa pointi ninaijua. Ninajua vile pointi zinaweza kusema kweli, na vile zinaweza kupoteza mutu njia bila mutu yeyote kuandika uongo. Wakati masomo ya primere yalifanywa kuwa ya bure katika mwaka wa 2019, namba ya watoto kwenye rejista ilipanda haraka. Mutu mwenye kusoma namba ile akiwa Kinshasa alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Mwalimu mwenye kusimama mbele ya watoto wenye kukaa wanne wanne kwenye banki ya watoto wawili alijua jambo lingine, lenye namba ile haikusema. Yote mawili yalikuwa kweli. Kwa mambo ya afya ni vilevile.

NAMBA INAZALIWA NAMNA GANI

Kila mama mwenye kupita kwa muganga anaandikwa katika rejista. Mwisho wa mwezi, enfirmie anahesabu mistari ya rejista na kujaza ripoti ndefu yenye wanaita kanevasi. Ile ripoti inaenda kwenye biro ya zone ya afya. Pale wanaiingiza katika kompyuta, katika programu yenye kuitwa DHIS2, na kutoka pale wakubwa wa jimbo wanaweza kuisoma, na wale wa Kinshasa pia. Ituri iko na zone za afya 36. Inchi yote iko na zaidi ya 500. Ndiyo kusema biki ya enfirmie mumoja, mwenye kuchoka, mwenye kuhesabu jioni kisha wagonjwa kurudi nyumbani, ndiyo musingi wa hesabu zote zenye zinasomwa huko juu.

Kisha ile namba inagawanywa, na hapa ndipo wengi wanapotea. Tuchukue mufano. Tuseme eneo la afya liko na watu 10,000. Katika hesabu za wizara, kila watu 100 wanakadiriwa kuleta mimba 4 kwa mwaka. Basi ni mimba 400 kwa mwaka, karibu 33 kwa mwezi. Kama mwezi huu wamama 30 walikuja kupimwa mimba kwa mara ya kwanza, kituo kimepata 30 juu ya 33, karibu asilimia 91. Ni pointi nzuri. Enfirmie anapandisha mustari wake ukutani.

Lakini wale watu 10,000, nani aliwahesabu? Inchi yetu ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho katika mwaka wa 1984. Wengi wenye wanasoma karatasi hii hawakukuwa wamezaliwa bado. Tangu wakati ule, watu wanaongezwa kwa hesabu ya karatasi, kila mwaka kidogo, ao wanahesabiwa nyumba kwa nyumba na mareko pale inawezekana. Na huku kwetu watu hawakai fasi moja. Tangu mwisho wa mwaka wa 2017, wakati mauaji yalianza tena katika teritware ya Djugu, vijiji vingi vimebaki bila watu, na kartie zetu za Bunia zimejaa. Kituo cha kijiji chenye watu walikimbia kinapata pointi mbaya kwa ajili ya wamama wenye hawako tena pale. Kituo chenye kuwa karibu na kambi ya wadeplase, kama ile ya Kigonze, kinaweza kupita asilimia 100. Fikiri asilimia 120 ya wamama! Mutoto wa kalasi ya tano atacheka na kusema mwalimu amekosea. Enfirmie hajadanganya. Ni namba ya chini ndiyo ya zamani.

Kwa hiyo mutu akikuambia kwamba kituo fulani ni kizuri ao kibaya kwa sababu ya asilimia, muulize kwanza: asilimia ya watu gani, wenye walihesabiwa wakati gani?

MUTOTO MWENYE KUPOTEA NJIANI

Sasa kuko hesabu moja yenye haiulizi hata kidogo kama watu wa eneo ni wangapi. Ndiyo ninaipenda kuliko zingine, na ningependa kila kikundi cha wamama kiijue.

Chanjo ya penta inamukinga mutoto na magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B, na mikrobe yenye kuitwa Hib, yenye kuleta ugonjwa wa mapafu na wa uti wa mugongo. Inatolewa mara tatu, mutoto akiwa na wiki 6, wiki 10, na wiki 14. Mutoto mwenye kupata ya kwanza peke yake ni kama nyumba yenye kuezekwa upande mumoja.

Basi chukua rejista. Tuseme watoto 40 walipata penta ya kwanza, na kati yao 30 walifika penta ya tatu. Watoto 10 walipotea njiani. 10 juu ya 40 ni asilimia 25. Waganga wenyewe wanafundishwa kwamba ikipita asilimia 10, kuko tatizo lenye linapaswa kutafutwa.

Angalia vile hesabu hii iko na akili. Wale wamama 10 walikuja mara ya kwanza. Njia wanaijua. Hawaogopi sindano, ao waliogopa na bado walikuja. Bwana hakuwakatalia, ao alikatala na bado walikuja. Halafu kitu kimoja kilitokea, na hawakurudi. Ni kitu gani? Hiyo ndiyo ulizo, na jibu haliko ukutani. Katika mikutano ya wamama nimesikia majibu mengi. Mumoja alisema mutoto alipata homa usiku baada ya chanjo, na hakuna mutu alikuwa amemuambia kwamba homa ile ni ya kawaida, basi mama mukwe akasema wamemuharibu mutoto. Mwingine aliombwa feza ya fishi mupya na hakuwa nayo. Mwingine alisemewa vibaya mbele ya watu kwa sababu mutoto alikuwa amevaa nguo yenye kuchafuka. Mwingine alikimbia vita tu.

Na kuko wale wenye walirudi, lakini walifukuzwa na hesabu nyingine. Wacha nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu linatuumiza na wengi wetu tunazani ni ubaya wa muganga.

Chanjo ya surua iko katika chupa ya watoto 10. Ile ya kifua kikuu, BCG, mara nyingi iko katika chupa ya watoto 20. Chupa ikifunguliwa na kuchanganywa na maji yake, inapaswa kutupwa baada ya saa 6, hata kama mutoto mumoja tu ndiye alichanjwa. Na kituo kinapimwa pia juu ya chanjo yenye inaharibika. Sasa jiweke fasi ya enfirmie. Ni saa nne ya asubui, wamama ni watatu tu kwenye banki. Akifungua chupa ya surua, dozi 7 zinaenda kwenye takataka na ripoti yake itaonekana mubaya. Anasema: wamama, murudie juma yenye inakuja, tutakuwa wengi. Mama mwenye aliacha biashara yake ya bilanga kwenye soko anarudi na mutoto wake. Juma yenye inakuja mutoto wa mukubwa ni mugonjwa. Basi imekwisha. Dozi 7 zenye zilikombolewa zinaandikwa katika ripoti. Watoto watatu wenye walirudi nyumbani bila chanjo hawaandikwe fasi yoyote.

Shirika la Afya ya Dunia, OMS, linasema waziwazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa ajili ya mutoto mumoja. Wamama wajue hivyo, na waseme kwa heshima: dada, tunaomba ufungue.

Katika uchunguzi mukubwa wa inchi yote wa mwaka wa 2013-2014, wenye kuitwa EDS, watoto wenye walikuwa wamepata chanjo zote walikuwa asilimia 45 tu. Katika mwaka wa 2018 serikali ilianzisha Mpango wa Mashako, wenye kuitwa kwa jina la marehemu Profesa Leonard Mashako Mamba, mwenye aliwahi kuwa waziri wa afya. Ule mupango ulikuwa na hekima moja ya kawaida sana: badala ya kupima vitu mia, kuangalia vichache vyenye mutu anaweza kurekebisha. Je, siku ya chanjo ilifanyika kweli, ao iliandikwa tu katika kalenda? Je, chanjo zilikuwa kwenye frigo? Je, mukubwa wa zone alikuja kuangalia?

Na kuko chombo kingine, cha bei rahisi kuliko kompyuta yote: kisanduku chenye vyumba 12, chenye waganga wanaita eshansie. Kila fishi ya mutoto inawekwa katika chumba cha mwezi wenye anapaswa kurudi. Mwezi ukiisha, fishi zenye zimebaki mule ndani ni majina ya watoto wenye hawakukuja. Si asilimia tena. Ni mutoto fulani, wa mama fulani, wa avenue fulani. Hapo kikundi cha wamama kinaweza kufanya kitu chenye Kinshasa haiwezi.

WAKATI NAMBA INALIPWA

Enfirmie wengi wa inchi hii hawapate mushahara wa serikali, ao wanapata prime ndogo yenye kuchelewa. Sisi walimu tunaijua hali ile, wenzetu wa NU wanaweza kuwaelezea kuanzia asubui mpaka jioni. Ndiyo maana watu wa afya walianza kutumia njia nyingine: badala ya kutoa feza bure, kulipa kazi yenye imeonekana. Ilijaribiwa Kivu ya Kusini katika miaka ya 2000 kwa musaada wa Cordaid ya Uholanzi, kisha Banki ya Dunia iliipeleka katika majimbo mengi kwa muradi wa PDSS, wenye ulikubaliwa mwaka wa 2014.

Inatembea hivi. Kila mama mwenye kuzalia kituoni ako na bei yake, kila mutoto mwenye kumaliza chanjo ako na bei yake. Kila mwezi mutu wa kuhakikisha anakuja kuhesabu rejista. Kila miezi mitatu wengine wanakuja na karatasi ya maulizo mengi: kuko maji? choo ni safi? dawa ziko? Kisha kituo kinalipwa, sehemu moja kwa kazi za kituo, sehemu nyingine kwa wafanyakazi.

Je, inasaidia? Kwa jirani zetu wa Rwanda, ilipanuliwa inchi nzima kuanzia 2006, na watafiti walilinganisha vituo vyenye kulipwa hivyo na vingine vyenye vilipewa feza sawasawa lakini bila masharti. Majibu yao yalitoka mwaka wa 2011: wamama wenye kuzalia kwa muganga waliongezeka kwa asilimia 23. Hiyo si jambo dogo. Lakini wenye kumaliza kupima mimba mara nne hawakuongezeka, na watoto wenye kumaliza chanjo zote hawakuongezeka.

Na kwetu, katika Haut-Katanga, jaribio lingine lilifanywa, nusu ya vituo vikilipwa kwa namba, nusu vikilipwa kiasi chenye hakibadilike. Wenye kulipwa kwa namba walifanya bidii zaidi: walipunguza bei, walienda kutafuta wagonjwa. Lakini watu wenye kuja kituoni hawakuongezeka. Watafiti waliona pia kwamba roho ya kufanya kazi kwa sababu ya kupenda kazi ilikuwa imepungua kwa wale wenye kulipwa kwa namba. Mimi kama mwalimu hilo halinishangaze. Ukianza kumulipa mutoto biskuti kwa kila jibu, siku biskuti zinaisha anafunga kitabu.

Sisemi njia ile ni mubaya. Enfirmie ako na watoto wa kulisha kama sisi, na kituo chenye kupata feza ya dawa ni bora kuliko kituo chenye kuza karatasi tupu. Ninasema tu kwamba namba ikiwa na bei, inaanza kuwa na tamaa yake yenyewe. Fasi zingine za Afrika, vituo vilianza kuwaliposha amande wamama wenye walizalia nyumbani, ili waogope na namba ya kituo ipande. Mama mwenye mutoto alimukuta usiku, wakati wa kuvre-fe ao wakati risasi zinalia, analipa amande juu ya maumivu. Matokeo yake yanajulikana: mama ule hataleta mutoto kwa chanjo, kwa kuogopa kuulizwa alimuzalia wapi.

Kuko pia wagonjwa wa rejista, wenye hawana mwili. Jirani yangu mumoja, siku moja, alipata wageni wawili wenye karatasi. Walimuuliza kama yeye ndiye mama fulani, na kama alipimwa mimba mara nne katika kituo fulani. Alikuwa ameenda mara mbili. Alisita. Enfirmie ule anamujua, anamusalimia kila asubui, na hakutaka kumutia matatani. Alijibu: ndiyo, mara nne.

Ninamuelewa. Lakini tuelewe pia maana ya wale wageni. Wanatumwa kuchagua majina machache kutoka rejista na kuyatafuta nyumbani, ili kujua kama mutu ako kweli, kama huduma aliipata kweli, alilipa ngapi, na alipokelewa namna gani. Mara nyingi wanatoka katika mashirika madogo ya wenyeji, na watu wao wanaweza kuwa wamama kama sisi. Ni nafasi moja tu ambamo sauti ya mama inaingia katika hesabu bila kupitia biki ya muganga. Jirani yangu aliitoa bure. Kituo kilipata pointi ya mimba mara nne, na mimba yenyewe ilipimwa mara mbili. Katika ile EDS ya 2013-2014, wanawake 88 katika 100 walipimwa na muganga angalau mara moja, lakini wenye kufika mara nne walikuwa 48 tu. Tangu 2016 OMS inaomba mara nane. Damu yenye kupungua na presha yenye kupanda vinakuja mara nyingi mwishoni mwa mimba, wakati ule ule wenye wengi wetu tumeacha kwenda.

KITU CHENYE HAKIHESABIWI

Wote tunakumbuka Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika huku kwetu Mandima, Mambasa, Komanda, Rwampara, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliipata, 2,287 walikufa. Kila siku tulisikia namba zake kwenye radio. Kila fasi kulikuwa ndoo ya maji na kipima-joto. Na wakati ule ule, surua ilikuwa inatembea katika inchi yote. Mwanzo wa Januari 2020, OMS ilitangaza kwamba surua ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 6,000, walio wengi watoto. Karibu mara tatu ya Ebola. Namba za surua zilikuwa zinaandikwa pia, lakini hakuna mutu alikuwa anazisoma kila asubui kwenye radio.

Basi kuhesabu peke yake hakutoshe. Kuko kitu chenye kuhesabiwa na hakuna mwenye kukisikia, na kuko kitu chenye hakihesabiwe kabisa. Katika karatasi za ukutani sijaona hata siku moja mustari wa wamama wenye kuzuiliwa hospitalini na mutoto muchanga kwa sababu hawajamaliza kulipa. Kila mumoja wetu anajua mama wa namna ile. Amezaa vizuri, mutoto ni muzima, katika ripoti ni "kuzaa kwa salama", pointi imepatikana. Naye iko juma ya pili analala chini, bwana yake anazunguka kuomba, na likelemba ya wenzake inachanga. Wala sijaona mustari wa masaa yenye tunangojea, wala wa maneno yenye tunaambiwa wakati wa uchungu.

Jirani zetu wengine, Waganda, walijaribu kutia mambo haya katika hesabu. Jaribio lilikuwa na vituo 50, na kwa nusu yao watu walikusanyika kusomewa namba za kituo chao: mutu anangojea muda gani, enfirmie anakosekana siku ngapi, dawa ziko ao haziko. Kisha wakaketi pamoja na wafanyakazi na kuandika nani atafanya nini. Watafiti waliandika mwaka wa 2009 kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua karibu kwa tatu moja. Miaka baadaye jaribio kama lile lilifanywa katika vituo 376 huko huko Uganda, na vifo havikupungua. Mukutano hauleti dawa kwenye kabati yenye haina kitu, na mimi naona ni vizuri tujue hivyo mbele ya kuanza, ili tusivunjike moyo. Lakini wafanyakazi wenye wanajua kwamba wamama wamesoma namba zao, hawawezi kuwapokea kama zamani.

Na sisi hatuhitaji muradi ili kukutana. Kila eneo la afya liko na komite yake, CODESA, yenye muwakilishi wa watu na mareko, na inapaswa kuketi na titilere kila mwezi. Waulizeni wamama wa avenue yenu: prezidenti wa CODESA yetu ni nani? Fasi zingine mutapata jibu la haraka. Fasi zingine mutapata kwamba ni baba mumoja mwenye alichaguliwa zamani na hajulikani tena wapi anakaa. Pale ambapo komite inachaguliwa upya, wanawake wawili watatu wajitoe. Si lazima kuwa na diplome. Mutu mwenye kuweka hesabu ya likelemba bila kupoteza franka moja anaweza kusoma rejista ya chanjo.

Mwezi wa kwanza musiulize mambo mengi, mutafukuza urafiki. Ombeni tu penta ya kwanza ngapi, penta ya tatu ngapi. Ombeni majina yenye yamebaki katika kisanduku. Ombeni bei za huduma zibandikwe inje, kwenye mulango, fasi yenye mutu anaweza kusoma mbele ya kuingia, na kwa Kiswahili. Titilere muzuri atafurahi, kwa sababu kutafuta wale watoto avenue kwa avenue peke yake hawezi.

Jambo la mwisho ni juu ya fishi ya chanjo. Wekeni fishi katika sashe pamoja na vitambulisho, kwa sababu wakati wa kukimbia ndiyo inabaki nyuma. Wadeplase wengi wanazani kwamba mutoto mwenye fishi yake iliungua hawezi tena kupokelewa. Si kweli. Kama kituo cha zamani bado kiko, jina lake linaweza kutafutwa katika rejista. Kama kituo nacho kiliungua, muganga atamuhesabu kama mutoto mwenye hakupata kitu na kuanza tena, na sindano yenye kurudiliwa haimuharibu mutoto. Mumupeleke tu.